Jaribio la Kiazi na Maji ya Chumvi: Sababu ya Mbolea Kuunguza Mahindi

Wako wakulima wanunuao mbolea ya chumvichumvi kwa fedha nyingi, wakaitia shimoni pamoja na mbegu. Mahindi huchipua machache, nayo hukauka ncha za majani hali udongo umelowa. Mmoja husema mbegu zilikuwa mbovu. Mwingine humshuku jirani. Ewe mkulima, kabla ya kumshuku mtu, twaa kiazi mviringo kimoja na chumvi ya jikoni, ufanye jaribio hili pamoja na watoto wako wasomao, maana nao hufundishwa jambo lili hili darasani.

Kwanza tengeneza maji ya chumvi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitaeleza polepole. Pima gramu 100 za chumvi kwa mizani ya dukani. Iyeyushe katika maji safi yasiyofika lita moja, ukoroge mpaka isionekane hata punje. Ndipo uongeze maji mpaka yatimie lita moja kamili. Ukianza kwa kumimina lita nzima, kisha ukatia chumvi, yatazidi kipimo. Haya ndiyo maji makali, yenye sehemu 10 za chumvi katika 100. Ukitaka maji ya sehemu 5, changanya kikombe kimoja cha maji makali na kikombe kimoja cha maji matupu. Ukitaka ya sehemu 1, kikombe kimoja cha maji makali kwa vikombe 9 vya maji matupu. Bandika karatasi kwenye kila chombo, uandike kilichomo, kwa kuwa kwa macho maji yote haya ni mamoja.

Sasa menya kiazi, ukate vipande vitatu vyenye unene wa kidole kidogo na urefu wa sentimita 5. Usiache ganda, kwani huzuia maji. Ukate vyote kwa wakati mmoja, maana kipande kilichokaa juani kimekwisha kupoteza maji yake. Tia kimoja katika maji matupu, cha pili katika maji ya sehemu 1, cha tatu katika yale ya sehemu 5. Baada ya saa tatu vifute kwa kitambaa, uvipinde. Cha kwanza kimekakamaa, nacho hukatika kwa mlio. Cha pili hakikubadilika sana. Cha tatu kimelegea kama kamba.

Kiazi, kama mzizi wa mhindi, kimejengwa kwa vijumba vidogo mno viitwavyo seli. Kila kijumba kina utando upitishao maji kwa urahisi, lakini huzuia sana chumvi na sukari. Maji hutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Wataalamu huita jambo hili osmosisi. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza pombe kali katika chombo, akakifunga kwa kibofu cha mnyama, akakizamisha majini. Kibofu kikavimba kwa maji yaliyoingia.

Basi mbolea ikirundikwa juu ya mbegu, maji ya udongo huwa mazito kuliko maji ya mzizi. Mzizi hauwezi kunywa. Tena hunyang'anywa hata kile ulicho nacho. Ndiyo maana mmea hufa kiu ndani ya tope.

Kwa mahindi, kizibo kimoja cha soda chatosha kwa shimo. Funika mbolea kwa udongo kiasi cha sentimita 5, ndipo uweke mbegu. Wakati wa kukuzia, iweke mbali kidogo na shina, udongo ukiwa na unyevu. Mmea ukionyesha dalili za kuungua, mwagilia maji matupu mengi yazamishe chumvi chini. Usiongeze mbolea kwa kudhani una njaa.

Mwenye kisima chenye maji ya chumvichumvi na ajaribu mapema, kabla ya kupanda bustani. Weka maharagwe 10 juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji ya kisima, na mengine 10 juu ya kitambaa cha maji ya mvua. Vifunike visikauke, na baada ya siku 7 hesabu yaliyoota kila upande.