Uzito wa Injini Huenda Wapi Mpira Wake Unapofunguliwa?

Injini ya gari haifungwi moja kwa moja kwenye fremu. Kati ya chuma na chuma huwekwa kipande kinene cha mpira kilichogandishwa kwenye bamba, ambacho mafundi hukiita mauntini. Kazi yake ni kuubeba uzito wa injini na kuumeza mtetemo kabla haujawafikia abiria. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilijipatia sifa kwa gari la Plymouth ambalo injini yake ililazwa juu ya mipira ya namna hiyo.

Mpira huzeeka. Joto huukausha, oili inayovuja huulainisha, na hatimaye hupasuka au hubanduka. Kuubadilisha ni kazi ya bolti chache tu. Hatari imo katika muda ule ambao injini imepungukiwa na mguu mmoja.

Ichukuliwe injini pamoja na giaboksi yake, zenye uzito wa nyutoni 2,000 (takriban kilo 200), juu ya mauntini tatu: mbili mbele, kushoto na kulia, na moja chini ya giaboksi, mita 1 nyuma ya zile mbili. Kitovu cha uzito kiwe katikati, mita 0.3 nyuma ya mstari wa mbele. Kwa kanuni ya momenti, mauntini ya nyuma hubeba 2,000 × 0.3 ÷ 1, yaani nyutoni 600. Zilizobaki 1,400 hugawanywa mbele, 700 kila upande.

Ya kushoto ikifunguliwa bila tegemeo, injini huwa kama kigoda cha miguu mitatu kilichokatwa mguu. Mstari unaounganisha mauntini mbili zilizosalia haupiti chini ya kitovu cha uzito. Hivyo injini huinamia kushoto mpaka izuiwe na kitu: rejeta, hozi, au vidole vya fundi.

Aghalabu jeki huwekwa katikati ya sampu, yaani bakuli la oili, kwa kuwa ndipo panapofikika kwa urahisi. Ikiwa ipo kwenye mstari wa mbele, jeki hiyo haibebi nyutoni 700 bali 1,400 zote, na mauntini ya kulia haibebi kitu. Kichwa cha jeki chenye eneo la sentimita za mraba 25 huibana sampu kwa nyutoni 56 kwa kila sentimita ya mraba. Bati hubonyea; sampu ya aluminiamu huweza kupasuka. Ubao mgumu wa sentimita 20 kwa 20, ukiwekwa kati yao, huishusha kanieneo hiyo hadi 3.5 hivi.

Jeki hapa haikusudiwi kuinua injini, bali kuipokea. Husukumwa polepole mpaka bolti ya mauntini ilegee na kuchomoka kwa mkono. Kuzidisha hapo ni kuzivuta hozi, bomba la moshi na mauntini ambazo bado ni nzima.

Tena, jeki ya mafuta hushikilia mzigo kwa pete ndogo ya mpira inayozuia mafuta yasivuje. Pete ikichakaa, mzigo hushuka bila taarifa. Ndiyo maana gari lililoinuliwa hukalishwa juu ya stendi za chuma, magurudumu yaliyo chini yakizuiwa, na injini hufungwa pia kwa mnyororo kwenye boriti ya chuma iliyovuka juu yake. Mkono hauingizwi kamwe kati ya injini na fremu.

Bolti za mauntini mpya hukazwa kidogo kwanza. Injini ikishashushwa na mpira kukaa mahali pake, ndipo hukazwa kabisa.

Zoezi: Mauntini za mbele zikiwa mita 0.5 kutoka moja hadi nyingine, jeki isogezwe kutoka katikati mita 0.125 kuelekea kushoto. Mwanafunzi akokotoe kani inayobebwa na jeki. (Jibu: takriban nyutoni 933.)