FUNDISHO: AMKA, UKUSANYE MANA YAKO

Masomo: Kutoka 16:13-30; Mithali 6:6-11; 1 Wafalme 19:4-8; Marko 1:35



Nenda siku moja ufukweni mwa ziwa letu, hapa Kalemie, mapambazuko. Utaona mitumbwi ya wavuvi ikirudi na taa zake, na wamama wakingoja na mabeseni. Ndagala zikishanunuliwa huanikwa upesi, maana zinataka jua la siku nzima. Mama anayefika saa nne anakuta nini? Ndagala nzuri zimekwisha. Akinunua zilizobaki na kuzianika mchana, mvua ikimkuta, hasara ni yake.

Mana jangwani ilikuwa vivyo hivyo. Waisraeli waliikusanya asubuhi, na jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Mungu ndiye aliyeitoa, lakini hakuitia ndani ya vyungu vyao. Tena, aliyeiweka mpaka kesho yake aliikuta imeoza. Moyo wa kufanya kazi ni kama mana hiyo. Ule wa jana hautoshi leo. Unakusanywa kila asubuhi, kidogo kidogo.

1. Tusimwite kila mtu mvivu

Mvuvi aliyekesha ziwani analala mchana. Asubuhi yake ni ile saa anayoamka kutengeneza wavu. Mwenye malaria apelekwe kwa mganga, asihubiriwe. Nabii Eliya alilala chini ya mti akiomba afe. Malaika hakumgombeza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha kwa safari. Kati yetu wako waliokimbia vita huko vijijini, na wako ambao maji ya ziwa yaliingia nyumbani mwao mwaka 2024. Mtu wa namna hiyo akishindwa kuinuka, tumpelekee chakula kwanza na tukae naye.

Mvivu ni yule mwenye nguvu, anayeijua kazi yake, lakini anasema, "Bado kidogo." Mithali 6 inaonyesha hatari yake: usingizi mdogo tu, halafu umaskini unaingia kama mnyang'anyi. Uvivu hausemi, "Sitafanya kamwe." Unasema, "Kesho."

2. Pengine ni woga

Tunasimuliwa kwamba Papa Simon Kimbangu aliusikia wito wa Mungu mwaka 1918, akasita, akaenda Léopoldville kutafuta kazi. Hakuwa mvivu, mzigo ulimwogopesha. Kisha akarudi kwao Nkamba. Tarehe 6 Aprili 1921, alipokuwa njiani kwenda sokoni, aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa, akamwombea, akapona. Mwezi Septemba wa mwaka ule ule alikamatwa. Kazi yake ya wazi haikufika hata miezi sita, na baadaye alifungwa mpaka kufa kwake Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951.

Tuone mambo mawili. Kwanza, anayesitasita anaweza bado kuanza. Pili, nafasi ya kufanya kazi si ndefu kama tunavyodhani. Basi jiulize: hii kazi ninayoiahirisha, ninaichukia au ninaiogopa? Ukiiogopa, anza na sehemu yake iliyo ndogo kabisa.

3. Usingoje kusikia hamu

Vijana wanasema, "Kazi hakuna." Ni kweli, kazi ya mshahara ni adimu katika mji wetu. Tusiwadanganye kwamba kuamka mapema kutaleta mshahara. Lakini ukosefu wa mshahara usikufanye mtu asiye na kazi.

Mimi ninayeandika nalijua jambo hili. Kazi yangu iliposimama, nilikaa miezi mingi nikilala mpaka saa tatu. Mama wa watoto wangu alitoka alfajiri na beseni lake, mimi nikiwa nimejifunika. Nilisema nitaanza tena siku moyo wangu utakapopata nguvu. Asubuhi moja mtoto wetu mdogo akasimama mlangoni, akauliza, "Baba, unaumwa?" Sikuumwa. Niliona haya, nikachukua bidoni, nikaenda kuteka maji. Sikuwa na hamu yoyote. Hamu ilinikuta njiani, nikirudi. Kesho yake niliteka tena, na juma lililofuata nililima kipande cha muhogo nilichokuwa nimekiacha. Ndipo nilipofahamu kwamba mikono ikitangulia, moyo hufuata.

4. Desturi nne za asubuhi

(a) Anza jioni. Kabla ya kulala, chagua kazi moja ya kesho, na uweke tayari vyombo vyake: jembe, daftari, au beseni. Simu uiweke mbali na kitanda, maana wengi wanakesha nayo, kisha wanashangaa kwamba asubuhi ni nzito.

(b) Amka saa ile ile kila siku. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu linatoka karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Tena linatokea juu ya ziwa, kutoka upande wa Tanzania, mbele ya macho yetu. Toka nje uuone mwanga. Mwanga unaufahamisha mwili kwamba usiku umekwisha.

(c) Omba kwanza. Marko anaandika kwamba Yesu alitoka kungali giza, akaenda mahali pa faragha kuomba. Sala ya dakika kumi yenye kutaja kazi ya siku hiyo yatosha. Lakini sala isiwe kitanda cha pili. Ukisema "Amina," inuka.

(d) Kabla ya kuketi, fanya kazi moja ndogo ya mikono: fagia kiwanja, teka maji, osha vyombo. Baba wasione aibu. Kisha ingia katika ile kazi uliyoichagua jana.

Usianze zote nne pamoja. Shika moja kwa juma moja, kisha ongeza ya pili. Ukianguka siku moja, usijihukumu siku zote. Mana ilishuka tena kesho yake. Na siku ya saba haikushuka, maana Mungu aliagiza pumziko pia.

Katika Kanisa letu tunasema: Bolingo, Mibeko, Misala, ndiyo Upendo, Amri, na Kazi. Neno la tatu lisibaki midomoni tu. Anayewapenda watu wa nyumba yake asiwaache wabebe mzigo peke yao, naye amelala.

Maulizo ya kujadiliana

1. Ni kazi gani unayosema "kesho" kila siku? Ni uvivu, uchovu au woga?
2. Katika nyumba yako, nani anaamka wa kwanza, na nani anamsaidia?
3. Usiku huu utaweka chombo gani tayari?

Bwana atuamshe wote salama. Amina.