Chakula cha Kwanza cha Mtoto: Somo la Ngano, Mayai na Karanga

Wanafunzi, nanyi wanafunzi wa zamani mliokwisha kuwa na watoto, nataka kuwaeleza kosa nililolifanya nyumbani kwangu, ili lisije likawapata ninyi.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2006. Alipotimiza miezi sita, yaani wakati ambapo maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena mtoto, nilifungua kitabu cha malezi kilichotoka ng'ambo. Kitabu kilionya kwamba mayai yangoje mpaka miaka miwili, karanga mpaka miaka mitatu, na ngano nayo icheleweshwe, kwa kuogopa mzio. Mimi ni mwalimu, nami huamini vitabu. Basi nikavikataza vyote. Mama yangu akaniambia, "Mwanangu, ninyi nyote niliwalea kwa mchuzi wa karanga. Kitabu hicho kimemlea nani?" Nikacheka tu. Mtoto akalishwa uji mwepesi wa mahindi na ndizi za kupondwa.

Baada ya miezi mitatu muuguzi wa kliniki alimpima, akanionyesha kadi. Mstari wa uzito, uliokuwa ukipanda, sasa ulikuwa umelala. "Baba, huyu anakula nini?" Nikamweleza. Akasema, "Unaogopa ugonjwa usiokuwapo, na njaa iliyopo huioni." Niliona haya sana. Tangu siku hiyo nimejifunza mambo haya.

Kwanza, gluteni ni nini? Jaribuni wenyewe. Kandeni unga wa ngano kwa maji mpaka uwe donge, kisha lioshe donge hilo taratibu katika beseni. Wanga utatoka na maji, na mkononi kitabaki kitu chenye kunata na kuvutika kama ulimbo. Hicho ndicho gluteni, nayo ni protini. Fanyeni vivyo hivyo kwa unga wa mahindi au ulezi: donge litavunjika lote, wala hapatabaki ulimbo. Gluteni imo katika ngano, shayiri na rai. Haimo katika mahindi, mtama, ulezi, mchele, muhogo wala ndizi.

Pili, wako watu wachache ambao gluteni huwadhuru utumbo. Ugonjwa huo huitwa seliaki. Ukuta wa ndani wa utumbo huharibika polepole, chakula hakifyonzwi vema, na mtoto huweza kuharisha, kuvimba tumbo na kukonda. Aliyegundua kisa chake ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikwisha kuishuku ngano kabla ya vita. Na katika njaa ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, ushahidi wake ulipata nguvu. Mwaka 1950 aliandika matokeo yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Mwenye seliaki huacha ngano maisha yake yote. Lakini asiiache kabla ya kupimwa damu, maana kipimo huweza kudanganya. Na je, kuchelewesha ngano humkinga mtoto? Mwaka 2014 wachunguzi wa Ulaya walionyesha kwamba kungoja mpaka mwaka mmoja hakuuzuii ugonjwa huo.

Tatu, mzio si seliaki. Katika mzio, askari wa mwili hukidhania chakula kuwa ni adui, na mara nyingi dalili huonekana upesi: mabaka ya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika. Mtoto akihema kwa shida au akilegea, msingoje dakika moja, mpelekeni hospitali.

Nne, juu ya karanga kitabu changu kilikosea. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa London walitoa habari za watoto 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Nusu walilishwa karanga tangu uchanga, nusu walikatazwa mpaka miaka mitano. Katika kila 100 waliokatazwa, kama 17 walipata mzio wa karanga. Katika waliokula, kama 3 tu. Mwili hujifunza kukijua chakula kwa kukila mapema.

Basi, fanyeni hivi. Endeleeni kumnyonyesha mtoto. Akitimiza miezi sita, mpeni uji mzito, maharagwe ya kupondwa, mboga, yai lililoiva vizuri, na karanga zilizosagwa laini ndani ya uji. Karanga nzima msimpe, zitamkaba. Anzeni kwa kiasi kidogo, chakula kipya kimoja kimoja, mchana, ili mpate kumwangalia. Asipodhurika, endeleeni kumpa mara kwa mara. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kudhurika kwa chakula, aonwe na daktari kwanza.

Nyumbani kwangu tulianza na kijiko kimoja cha karanga. Mama ndiye aliyezisaga, wala hakunisimanga. Mwezi wa pili mstari wa kadi ukaanza kupanda tena. Mtoto yule leo ni kijana mrefu kunishinda. Vitabu visomeni, ndugu zangu, lakini mtazameni na mtoto aliye mbele yenu.