HAKI SI HISANI

Mwezi Januari 2023, zilipofika habari kwamba mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa imeruhusiwa tena, mzee mmoja wa jumuiya ndogo ndogo hapa Babati mjini alisali kwa sauti akimshukuru Mungu, na baada ya Mungu akamshukuru Rais, kwa kuwapa watu ruhusa ya kukusanyika. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha nne, alingoja hata sala zikaisha na chai ikamiminwa, kisha akamwuliza kwa adabu: "Babu, samahani. Mwalimu wetu wa uraia ametuonyesha kwamba sheria haikuwahi kuikataza mikutano hiyo. Sasa tumepewa nini?" Mzee alicheka, akamgeukia Padre. Padre akaomba sukari. Makala hii ni jibu letu kwa kijana yule, nalo limechelewa.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokwenda. Mwezi Juni 2016, Rais John Magufuli akiwa hajatimiza mwaka madarakani, alitamka kwamba siasa za majukwaani zingoje hadi uchaguzi wa mwaka 2020, na kwamba wakati ule ulikuwa wa kazi. Polisi nao wakazuia mikutano na maandamano ya vyama nchi nzima. Wabunge waliachiwa kusema na watu wao ndani ya majimbo yao, basi. Hatutaki kumsingizia marehemu nia mbaya. Watu wengi, na hata Wakristu wema, waliipokea amri ile kwa furaha, kwani walikuwa wamechoshwa na vipaza sauti na ahadi zisizotimizwa, nao waliona barabara na zahanati vina faida kuliko hotuba.

Lakini swali la kijana halikuhusu nia. Lilihusu sheria, na sheria ya jambo hili ina historia ambayo yafaa kila nyumba iijue.

Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, chama kilichotaka kufanya mkutano wa hadhara kililazimika kwanza kuomba kibali kwa Mkuu wa Wilaya. Mchungaji Christopher Mtikila, kiongozi wa Democratic Party, akaenda Mahakama Kuu kule Dodoma mwaka 1993 kulipinga jambo hilo pamoja na mengine. Hakuwa Mkatoliki, na maneno yake juu ya ndugu zetu wenye asili ya Asia yalikuwa ya kuumiza; hatuwezi kuyatetea. Hata hivyo mahakama haiulizi kama mtu apendeza, bali huuliza kama ana hoja. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba sharti la kibali linapingana na Katiba. Kwa kifupi, uhuru ambao Katiba imeuweka hauwezi kuning'inia katika utashi wa mtumishi wa serikali. Aombaye kibali aweza kunyimwa, na kinachoweza kunyimwa vivi hivi hakiitwi tena uhuru. Bunge likabadili sheria. Tangu hapo chama hakiombi, chatoa taarifa tu kwa polisi, si chini ya saa 48 kabla ya mkutano. Polisi wakiona hatari kwa amani wanaweza kuuzuia mkutano huo, yaani mkutano ule uliotajwa, mahali pale, kwa sababu ile. Kuizuia mikutano yote, mahali pote, kwa miaka mingi, ni jambo lingine kabisa.

Basi, ile amri ya mwaka 2016 ilikuwa kitu gani? Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba ili jambo liwe sheria sharti litokane na akili iliyo sawa, lielekee manufaa ya wote, litoke kwa yule aliye na dhamana ya kuitunga kwa ajili ya jumuiya, tena litangazwe ili wote walijue. Tuseme, kwa kuwa twataka kutenda haki, kwamba amri ile ilielekea manufaa ya wote kama Rais alivyoyaona. Je, ilitoka kwa mwenye dhamana ya kutunga sheria? Katiba yetu imeiweka kazi hiyo mikononi mwa Bunge, na Rais hushiriki kwa kuitia sahihi sheria iliyokwisha pitishwa. Je, ilitangazwa? Ilisikika redioni, naam, lakini iko katika kifungu gani? Mipaka yake ni ipi? Mtu aliyekamatwa kwa kuivunja asomewe nini mbele ya hakimu? Neno lisilo na kifungu halina ukingo. Afisa mmoja atalitumia kwa chama kizima, mwingine kwa kongamano la ndani, wa tatu kwa watu kumi waliokaa chini ya mwembe.

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Miaka ile sisi wengine tulikuwa seminari kuu, tukikariri sifa hizo nne za sheria kwa Kilatini, na mtihani tukaufaulu. Hatukumbuki hata mmoja wetu aliyeinua mkono darasani akauliza kama yale tuliyokuwa tukiyasoma yaligusa yale tuliyokuwa tukiyasikia jioni katika taarifa ya habari. Maaskofu wetu walitutangulia. Katika Ujumbe wa Kwaresima wa mwaka 2018 walitaja waziwazi kuzuiwa kwa shughuli za siasa na kufungiwa kwa vyombo vya habari, wakaonya kwamba mambo hayo yakwenda kinyume cha Katiba na sheria. Parokiani ujumbe ulisomwa. Wengi walisema maaskofu wameingia siasa.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya haya yote ni kumpata mtawala mwema. Tulimpata. Julius Kambarage Nyerere, ambaye kesi yake ya kutangazwa mtakatifu ilifunguliwa mwaka 2005, alikuwa mtu wa Misa ya kila siku na asiyejilimbikizia mali. Na ni katika mwaka 1962, yeye akiwa kiongozi wa chama tawala, ndipo Bunge lilipopitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani, wala mahakama isiwe na ruhusa ya kuihoji amri hiyo. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 sheria hiyo iliwashukia pia viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Haki za binadamu hazikuandikwa ndani ya Katiba hata mwaka 1984, na mahakama hazikuruhusiwa kuzisimamia hata mwaka 1988. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliorodhesha sheria 40 zilizofaa kufutwa au kurekebishwa, na sheria ya kizuizini ilikuwa mojawapo. Twamheshimu Mwalimu, nasi twaomba kanisa limtangaze. Lakini mamlaka yaliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwema hayafi pamoja naye. Hubaki mezani, na ajaye huyakuta.

Neno la Mungu lililijua jambo hili kabla ya wanafalsafa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, Musa awaagiza Waisraeli kwamba siku watakapotaka mfalme, mfalme huyo ajiandikie nakala ya Torati, aisome siku zote za maisha yake, moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Tafakarini: haikutosha mfalme kuijua sheria kwa kusikia, wala kuwa na makarani waijuao. Na sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme yaonyesha mfalme afanyavyo akiisahau. Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Naboti, Naboti akakataa kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake, na barua zikaandikwa kwa muhuri wa mfalme. Naboti alipigwa mawe baada ya kesi. Palikuwa na wazee, palikuwa na mashahidi wawili, palikuwa na hukumu. Kilichokosekana ni sheria iliyo juu ya yule mwenye muhuri.

Najua atakayetujibu kwa Mtakatifu Paulo, kwamba mamlaka yote yatoka kwa Mungu na kila mtu ayatii. Ndivyo, na raia Mkristu hulipa kodi, huitii serikali na humwombea Rais kila Dominika. Lakini kitu kitokacho kwa Mungu kina mpaka uliowekwa na Mungu. Bwana wetu mwenyewe alimwambia Pilato kwamba mamlaka yake yametoka juu, na neno hilo halikumpa Pilato uhuru wa kutenda apendavyo. Lilimkumbusha kwamba atatoa hesabu. Tena katika nchi yetu mamlaka hayo yamegawanywa na Katiba. Amtiiye hakimu ametii mamlaka. Alitiiye Bunge ametii mamlaka. Rais akiitii mahakama, naye anamtii Paulo.

Mfano wa jambo hili ulitokea Marekani mwaka 1952. Vita vya Korea vilikuwa vikiendelea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikaribia kugoma, na Rais Harry Truman, akihofia jeshi kukosa silaha, akavitwaa viwanda hivyo kwa amri yake mwenyewe tarehe 8 Aprili. Sababu yake ilikuwa nzito kuliko makelele ya majukwaa. Tarehe 2 Juni Mahakama Kuu ya nchi ile, majaji sita dhidi ya watatu, ikaamua kwamba hakuwa na uwezo huo. Truman alikasirika, lakini akavirudisha siku ile ile. Taifa lile halikulindwa na Katiba iliyo nzuri kwenye karatasi tu, bali pia na mtu aliyekubali kushindwa. Ndiyo maana twaona wasiwasi Wamarekani wanapobishana, mwaka hata mwaka, kama rais wao atazitii amri za majaji asizozipenda.

Na kwetu? Turudi kwa Mchungaji Mtikila, maana kesi yake ilikuwa na nusu ya pili. Jaji Lugakingira aliamua pia kwamba raia aweza kugombea uongozi bila kuwa na chama. Serikali ilikwisha kuupeleka Bungeni muswada wa kulifunga jambo hilo wakati hukumu ikingojewa, na Desemba 1994 Bunge likaubadili maandiko ya Katiba yenyewe. Mchungaji hakuchoka. Mahakama Kuu ilimpa haki tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2010, ikisema jambo hilo ni la kisiasa na laamuliwa na Bunge. Ndipo akapanda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, kilomita zipatazo 170 tu kutoka hapa Babati. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imezivunja haki zake. Mtikila alifariki katika ajali ya gari mwezi Oktoba 2015, na hukumu ilikuwa bado haijatekelezwa. Novemba 2019 serikali ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu raia na mashirika kuifikia mahakama ile moja kwa moja. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 karatasi ya kura haikuwa na mgombea asiye na chama. (Yaliyotokea siku ya uchaguzi huo na siku zilizofuata, ambapo watu walipoteza maisha, hatutayagusa kwa mistari miwili, marehemu wale wastahili zaidi.)

Kijana wetu basi alikuwa ameona sawa. Rais Samia Suluhu Hassan alipoitangaza mikutano kuwa huru, tarehe 3 Januari 2023, alifanya jambo jema, na mzee hakukosea kushukuru. Lakini kilichoondolewa kwa neno kilirudishwa kwa neno. Hakuna kifungu kilichofutwa, kwa sababu hakikuwapo. Wala hakuna ukuta uliojengwa ili neno la tatu lisije likakiondoa tena. Anayepokea haki yake kama sadaka huzoea kuinama, na aliyezoea kuinama hafundishi watoto wake kusimama.

Wala jambo hili si la Ikulu tu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 yampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, na hapa Babati wote wawili wana ofisi zao. Lakini isomeni. Ni pale tu anapoamini kwa sababu za kweli kwamba mtu huyo atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kuzuia, sababu ziandikwe, mtu afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 48, la sivyo aachiwe. Atumiaye uwezo huo vibaya atenda kosa. Ni mara ngapi tumesikia, mikoani kote, kwamba mwalimu au mtendaji wa kijiji amewekwa ndani kwa kuchelewa mkutanoni, au kwa kujibu vibaya, na watu waliosimama pale wakapiga makofi? Makofi yale ndiyo yatutiayo hofu kuliko amri yenyewe.

Kwa hiyo twawaomba akina baba na akina mama, katika mkutano wa jumuiya wa juma lijalo, baada ya Injili, wasome kwa sauti Ibara ya 20 ya Katiba, ihusuyo uhuru wa kukusanyika, na Ibara ya 26, isemayo kwamba kila mtu ana wajibu wa kuitii Katiba na sheria, na papo hapo kwamba kila mtu ana haki ya kwenda mahakamani kuzilinda. Nakala hupatikana katika maduka ya vitabu, na vijana wanayo katika simu zao. Kijana na asome, mzee na aulize maswali. Maswali yatakayowashinda tuleteeni hapa gazetini, nasi safari hii hatutaomba sukari.