Magonjwa Mawili ya Matumbo Yanayofanana

Fikiri habari ya mchimbaji mmoja wa Mutoshi. Tumbo linamwuma chini, upande wa kuume, miezi mitatu sasa. Anahara, anakonda, jioni ana homa, usiku jasho linamlowesha. Rafiki anamwambia, "Nunua vidonge vya kutuliza uvimbe." Asinunue! Sikiliza sababu.

Magonjwa mawili huleta dalili hizi.

La kwanza ni kifua kikuu cha matumbo. Watu wengi hudhani kifua kikuu hukaa mapafuni tu. Sivyo. Mgonjwa wa mapafu akimeza makohozi yake, vijidudu hushuka matumboni. Maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa huweza kuvileta pia. Na mchimbaji ambaye vumbi la mawe limeharibu mapafu yake, kifua kikuu humpata kwa urahisi zaidi.

La pili ni ugonjwa wa Crohn. Hilo ni jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka wa 1932. Huu hauambukizi. Nguvu za mwili zilizo za kutulinda hugeuka na kuumiza matumbo yenyewe.

Tutayatenganishaje? Homa, jasho la usiku, kikohozi, tumbo kujaa maji, au mtu wa nyumbani mwenye kifua kikuu, hutufanya tufikiri kifua kikuu. Damu katika choo, vidonda vya kinywa, na matundu ya usaha karibu na njia ya choo, hutufanya tufikiri Crohn. Lakini dalili peke yake hudanganya. Kwa hiyo daktari hupima makohozi, hupiga picha ya kifua, na pengine hutoa kipande kidogo cha utumbo kukipima. Hata vipimo visipoonyesha vijidudu, huenda vimo.

Basi, hatari ni hii. Prednizoloni hutuliza Crohn, lakini hupunguza ulinzi wa mwili. Mwenye kifua kikuu akiimeza bila dawa za kifua kikuu, huona nafuu kidogo, kisha vijidudu huenea, na utumbo waweza kutoboka. Kwa sababu hiyo, hapa kwetu, penye kifua kikuu kingi, hicho hutafutwa kwanza.

Dawa za kifua kikuu humezwa kila siku kwa miezi 6. Usiziache ukipata nafuu. Usipopata nafuu baada ya miezi 2 au 3, rudi hospitali: labda vijidudu vimeshinda dawa, labda ni Crohn.

Maulizo
1. Vijidudu vya kifua kikuu hufikaje matumboni?
2. Kwa nini tusijinunulie prednizoloni?
3. Dawa za kifua kikuu humezwa miezi mingapi?