SOMO LA KIKUNDI: Daftari la Ukoo



Sote tunajua msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana kwa kikundi tunaandika kila shilingi. Lakini nyumbani je? Tukiambiwa tuandike majina ya wale wanane waliowazaa babu na nyanya zetu, wengi wetu tutakwama kwa jina la tatu.

Hili si jambo la kujifurahisha tu. Mzee anaweza kufariki na shamba bado liko kwa jina la baba yake. Familia itatakiwa kuonyesha chifu na korti warithi ni akina nani. Hapo ndipo wengine husahauliwa, ama husahaulishwa, hasa mabinti walioolewa mbali. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike katika kugawa mali ya mzazi aliyekufa bila wosia. Tena korti ikipata kwamba ukweli ulifichwa, inaweza kufuta ile hati ya kusimamia mali, na kesi irudi mwanzo.

Basi tutafute habari za ukoo mapema, watu wakiwa hawajakosana. Siku hizi intaneti inasaidia, lakini haiji kwanza. Ukienda saiba bila majina na miaka, utalipia saa nzima na urudi mikono mitupu.

HATUA YA 1: WAZEE

Anza na walio hai. Chukua daftari, kaa na mzee bila haraka, na umwulize majina yote ya mtu mmoja: la nyumbani, la ubatizo na la utani. Uliza pia habari za upande wa akina mama, kwa maana karatasi nyingi za zamani ziliandika wanaume peke yao.

Mzee asipojua mwaka, usimlazimishe. Uliza rika lake, au kama jambo lilitokea kabla ya Hali ya Hatari (1952), kabla ya Uhuru (1963), au wakati wa njaa ya 1984. Andika pia jina la aliyekueleza na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili.

HATUA YA 2: KARATASI

Fungua lile sanduku la chini ya kitanda. Utapata kadi ya ubatizo, cheti cha kifo, kitambulisho cha zamani, risiti za kodi, labda hata kipande. Kipande kilianza kutumika karibu 1920, na ndani yake waliandika jina la mwenyewe, alama za vidole na mwajiri wake.

Wazee wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawakuandikishwa kuzaliwa kwao. Kwa hao, kitabu cha ubatizo na cha ndoa cha parokia au misheni kinaweza kuwa ndiyo karatasi ya kwanza yenye jina lao. Omba ofisi ya kanisa kwa heshima, ukitaja jina na mwaka wa kukadiria.

Angalia tahajia. Makarani wa zamani waliandika walivyosikia, na L na R zilibadilishana sana. Andika kila namna unayoweza kufikiria.

HATUA YA 3: INTANETI

Sasa nenda na lile daftari. Kama hujui kutumia simu au kompyuta, nenda na kijana wa kikundi.

• Gazeti rasmi la Serikali. Hapa hutangazwa maombi ya urithi: jina la marehemu, alikoishi, siku aliyofariki na nani anaomba. Mwenye pingamizi kwa kawaida hupewa siku 30. Nakala zinasomwa bure kwa tovuti ya Kenya Law. Tafuta jina la mzee wako hata kama hakuna kesi unayoijua.

• Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Iliundwa kwa sheria ya 2011. Pesa za benki, hisa na bima ambazo wenyewe hawakuzifuata hupelekwa huko. Unaweza kutafuta jina la marehemu bila malipo.

• Makaburi ya vita. Kama babu alikuwa Keya au alibeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918 na hakurudi, jaribu tovuti ya Commonwealth War Graves Commission. Ukikosa jina usikate tamaa. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikubali kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakuandikwa kwa majina.

• FamilySearch. Ni tovuti ya bure ya kutafuta rekodi na kuchora mti wa ukoo. Imekusanya pia historia za mdomo katika nchi kadhaa za Afrika.

Kumbuka kwamba karatasi nyingi hazijaingizwa kwa mtandao. Faili za wilaya za wakati wa ukoloni ziko Makavazi ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi, na mtu anaweza kwenda kusoma. Mambo ya shamba, uliza ofisi ya ardhi ya kaunti yako.

TAHADHARI

Usiweke mtandaoni nambari za vitambulisho wala habari za walio hai. Mtu akikupigia simu ati ulipe kwanza ndipo "akutolee" pesa za marehemu, kata simu. Na jina kufanana si udugu! Sisi hurudia majina ya babu. Linganisha jina, kijiji na mwaka kabla ya kusema huyu ni wetu.

KAZI YA KIKUNDI

1. Kila mwanachama aandike vizazi vitatu, wake kwa waume, na alete mkutano ujao.
2. Jadilianeni: Katika familia zetu, ni nani huachwa nje ya orodha, na kwa nini?
3. Ni mzee gani wa kutembelewa kwanza? Pangeni siku, na nani atabeba daftari.

Mkishamaliza, toeni nakala mbili za kila daftari, mzihifadhi katika nyumba mbili tofauti. Na msomeeni mzee yale mliyoandika, ayarekebishe mwenyewe angali hai.