Tokeni za pyuta mbele ya waamuzi

Swali: Niko Marekani, na nimejiunga na Society for Creative Anachronism, chama cha wapenzi wa Zama za Kati. Nataka kushindanisha tokeni za pyuta (aloi ya bati) nilizomimina kwa mkono. Waamuzi watatazama nini?

Jibu: Hongera! Watatazama kazi, lakini pia watasoma maelezo yako, na hapo ndipo wengi hupoteza alama. Taja kielelezo halisi: kwa mfano, beji walizonunua mahujaji wa Canterbury, Uingereza, alikouawa askofu mkuu Thomas Becket mwaka 1170. Nyingi zilichanganywa risasi. Wewe tumia pyuta isiyo na risasi, ambayo karibu yote ni bati, na ueleze wazi kwa nini umebadilisha.

Kalibu ichonge kwenye jiwe la sabuni, pamoja na mifereji myembamba ya kutolea hewa. Ipashe moto kwanza: kalibu baridi hugandisha pyuta kabla haijafika pembeni, na herufi hutoka zimekatika. Isiwe na unyevu hata kidogo, kwani maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha metali usoni. Vaa miwani.

Siku ya mashindano nenda na kalibu yenyewe, na tokeni moja iliyoharibika. Waamuzi hupenda kuona ulivyojifunza.